Ng'ombe wa Benedicto na Kiingereza cha Mtendaji

Mwalimu Kokushubira alikuwa na namna yake ya kumsikiliza mtu anayekosea Kiingereza. Hakumkatiza. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akafumba macho nusu kama mtu anayeumwa jino, akasubiri sentensi ife yenyewe. Wanafunzi waliogopa kichwa kile kuliko fimbo. Walimu wenzake walishaacha kusema Kiingereza mbele yake, na mkuu wa shule, ambaye alipenda sana kufungua vikao kwa Kiingereza, akimwona tu anaingia alikuwa anakumbuka ghafla kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa.

Alizaliwa Muleba, binti wa katekista mkali wa matamshi. Alisoma, akafaulu, akafika chuo kikuu Dar es Salaam, na alipomaliza alishajiona kwenye shule ya mjini yenye maktaba na feni darini. Serikali ikampanga Serengeti. Ndugu zake wakampongeza, wakamwambia atakuwa anaamka anaona twiga. Kumbe alipelekwa Nyabokeria, mbele ya Busawe kwa bodaboda, mahali ambapo mnyama mkubwa wa kuonwa alikuwa ng'ombe, na ng'ombe hao walilala kwenye uwanja wa mpira wa shule kama waliofanya usajili. Alishuka kwenye pikipiki na sanduku lake, akatazama madarasa, akatazama uwanja, akajiambia atakaa mwaka mmoja tu.

Miaka ikapita, akawa bado yupo. Maombi ya uhamisho yaliondoka na hayakurudi. Akaacha kuyaandika. Badala yake akajenga dharau, taratibu, kama wengine wanavyojenga nyumba, tofali kwa tofali. Aliudharau ugali wa muhogo na mtama, ambao alisema una rangi ya saruji na haujaiacha saruji mbali kwa ladha. Aliwadharau wanaume walioweza kukaa kilabuni kutwa nzima wakizungumzia nundu ya dume mmoja. Aliwadharau walimu wenzake kwa kununua mashamba, kwa sababu kununua shamba ni kukubali kubaki. Yeye ndizi zake zilitoka kwao, zikasafiri kwa basi hadi zikamfikia zimeiva kupita kiasi, naye akazila hivyo hivyo.

Lakini hakuna mtu ambaye Kokushubira alimdharau kwa moyo mkunjufu kama Mtendaji wa kata.

Huyu aliitwa Enock Masele. Alikuwa mtu wa Shinyanga, na mkoani Mara aliletwa na dhahabu. Alichimba Tarime miaka ya ujana wake, mashimo yakamtapeli, akaenda kusoma cheti cha utawala, na kwa njia ambayo Kokushubira hakutaka hata kuijua akawa ndiye serikali ya pale. Alitembea na faili kwapani hata akienda kunyolewa. Kiingereza chake alikiokota huku na huku, kingine kutoka kwa wazungu wa mgodini, kingine kutoka kwa Wakenya wa Sirari, na alikimwaga popote alipoona watu wamekusanyika.

"How is the going, my teacher?" angesema kila wakikutana njiani.

"Salama, Mtendaji," Kokushubira angejibu, kichwa kikiwa upande.

Basi Mtendaji huyu alikuwa na shamba la miti. Walikuja wageni wa mradi wa kupanda miti, wakaletwa na magari meupe, likatundikwa bango, kila mgeni akashika mche mmoja na kopo la maji akapigwa picha. Uwanja wa nyuma ya ofisi ya kata ukazungushiwa seng'enge. Wageni walipoondoka hakuna mtu aliyemwagilia. Miche ikakauka mmoja baada ya mwingine, seng'enge ikalegea, na upande wa kusini ikalala chini kabisa. Kilichobaki ni majani, na bango.

Mvua za kwanza ziliponyesha majani yale yakastawi. Asubuhi moja ng'ombe wa Benedicto Werema, wakipita kwenda malishoni, waliona kijani, wakavuka pale seng'enge ilipolala, wakala. Walikula majani, na kwa bahati mbaya wakala pia miche michache ambayo jua lilikuwa limeisahau. Mtendaji alitokea dirishani. Ingekuwa wiki nyingine pengine angewafukuza kwa kelele, lakini alikuwa amepata habari kwamba wageni wa mradi wanarudi kuangalia miti yao. Akawaita mgambo. Ng'ombe wote wakaingizwa kwenye boma la ofisi, madume ya kulimia yakiwemo, na majike wanaonyonyesha ambao ndama wao walikuwa wamebaki nyumbani.

Mchana mkutano ukaitishwa sokoni, chini ya paa la bati. Walimu nao wakaalikwa, kwa kuwa Mtendaji alipenda kuwa na hadhira inayoelewa. Kokushubira akakaa benchi la mbele. Hakuwa na sababu yoyote ya kwenda. Alikwenda kama mtu anavyokwenda kuangalia mpira wa timu mbovu.

Enock alisimama, akafungua faili.

"Ndugu wananchi. Mali ya umma imeharibiwa. Kwa hiyo ng'ombe wa mzee Benedicto, kuanzia leo, are confiscated. Basically, they are confiscated."

Benedicto alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyependa kusema mbele za watu. Alisimama akiwa ameshika kofia.

"Mtendaji, hilo neno ni nini?"

"Maana yake wameshikiliwa, mzee wangu. Utalipa faini, utarekebisha seng'enge, utawachukua. Serikali haina chuki na mtu."

Pale ndipo Kokushubira alipocheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, kilitokea puani, lakini sokoni palikuwa kimya na kila mtu alikisikia.

Enock akageuka. "Madam, kuna tatizo?"

Angeweza kusema hapana. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Benedicto alishaanza kukaa, na uso wake ulionyesha mtu anayefikiria wapi atapata mbao za kurekebishia ua. Lakini neno lile lilikuwa limemwasha kama upupu.

"Tatizo dogo tu, Mtendaji. Neno ulilotumia silo unalolitaka. Mnyama akishikiliwa mpaka mwenyewe alipe faini, hiyo ni impound. Confiscate ni kutaifisha. Mali inachukuliwa moja kwa moja, hairudi. Hata kidato cha pili wanalijua hilo."

Watu wakaangua kicheko. Kijana mmoja wa bodaboda, nyuma kabisa, akamwambia mwenzake kwa sauti, "Mtendaji arudishwe kidato cha pili, mura," na kicheko kikaanza upya. Walicheka hata wazee ambao hawakujua neno moja la Kiingereza. Mkuu wa shule alitazama viatu vyake, mabega yakimtikisika.

Enock hakucheka. Alisubiri mpaka wakanyamaza. Shingo yake ilikuwa imevimba juu ya ukosi wa shati, na kwa mara ya kwanza tangu Kokushubira amfahamu, alizungumza Kiswahili kitupu.

"Namshukuru Mwalimu kwa kutuelimisha. Basi nilisema nilichokusudia. Ng'ombe wametaifishwa. Wiki ijayo wataenda mnadani. Mkutano umefungwa."

Akafunga faili, akaondoka.

Kokushubira alirudi nyumbani kwa hatua nyepesi. Alimwona Enock kuwa mjinga zaidi ya alivyofikiri, kwa sababu Mtendaji hana mamlaka ya kutaifisha hata kuku. Kesho, alijiambia, atatulia na kuwafungulia wanyama. Akapika ndizi, akala, akalala vizuri.

Asubuhi maziwa hayakuja.

Mke wa Benedicto, mama mmoja wa makamo aitwaye Bhoke, ndiye aliyekuwa anamletea maziwa kila siku kabla ya kengele ya shule. Kokushubira alingoja, chai ikapoa. Jioni akaenda mwenyewe. Njiani alisikia sauti ambayo mchana kutwa darasani alidhani ni upepo kwenye mabati. Ndama walikuwa wanalia huku nyumbani kwa Benedicto, na kule bomani mama zao walikuwa wanaitikia. Walikuwa wanaitana hivyo tangu jana.

Bhoke alikuwa shambani kando ya nyumba na jembe la mkono. Mbele yake shamba lilikuwa jeusi kwa mvua, tayari kabisa kwa plau. Pembeni alikuwa amelima kipande kidogo, kama mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu. Maziwa hakuna. Maziwa yako ofisini kwa Mtendaji."

"Nimekuja kuwajulia hali. Mzee yuko wapi?"

"Anazunguka tangu asubuhi. Alikwenda wilayani Mugumu kulalamika. Wamemwambia arudi kwanza kwa Mtendaji wake. Amerudi kwa Mtendaji wake, Mtendaji amesema neno limeshatafsiriwa mbele ya mkutano na msomi wa chuo kikuu." Bhoke alipiga jembe ardhini, akaliacha limesimama. "Walikuwa ng'ombe wa faini, Mwalimu. Wewe umewafanya ng'ombe wa mnada."

"Mimi nilisema ukweli, mama. Yeye ndiye aliyekosea."

"Ndiyo, alikosea."

"Na hana mamlaka ya kuwauza."

"Hana. Nani atamwambia? Wewe umeshamwambia mara moja." Alimtazama Kokushubira bila ukali, na hiyo ikawa mbaya zaidi. "Ungekuwa umecheka kwa ajili yetu tungevumilia. Ulicheka kwa ajili yako."

Kokushubira aliaga. Njia nzima alijibu maneno yale kichwani, na majibu yake yalikuwa mazuri, yamepangika, hayana kosa la sarufi. Alimdharau Bhoke kwa kutoelewa kwamba lugha ni lugha. Akamdharau Benedicto aliyeshindwa kuwachunga ng'ombe wake, akashindwa na kuwatetea mbele ya mkutano. Akamdharau Enock kwa uzito wote uliobaki. Usiku ndama hawakunyamaza. Nyumba za walimu zilikuwa katikati kabisa ya boma na kwa Benedicto, sauti za pande zote mbili zikawa zinapita juu ya paa lake.

Kesho yake alikuwa na kidato cha tatu. Somo lilikuwa msamiati, na kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa kinazungumzia maneno yale mawili, wanafunzi wenyewe waliomba wayafanyie kazi. Kokushubira aliyaandika ubaoni, akataka sentensi. Mikono ikainuka. Polisi walizuia pikipiki. Serikali ilitaifisha mashamba. Zote zilifuata alichokisema sokoni, na alizipokea kwa kutikisa kichwa.

Kisha akasimama msichana mmoja aitwaye Jenipha, mzembe, msemaji sana, ambaye muhula uliopita alikamatwa na simu chini ya dawati.

"Madam confiscated my phone," alisema, "and she gave it back when we closed the school."

Darasa zima likamgeukia Kokushubira. Walijua kichwa kitainama sasa. Jenipha mwenyewe alishaanza kukaa kabla hajaambiwa amekosea.

Kichwa hakikuinama. Kokushubira alibaki ameshika chaki. Sentensi ile haikuwa na kosa. Hivyo ndivyo watu wanavyosema, Waingereza wenyewe wanavyosema, na yeye ndivyo alivyosema siku ile aliponyoosha mkono kupokea simu ya yule mtoto. Mwalimu akichukua simu neno ni hilo hilo, na simu hurudi. Neno lina maana nzito ya dola kuchukua mali isirudi tena, na lina hii nyingine ya kila siku, nyepesi, ya kuchukua kitu kwa mamlaka na kukaa nacho kwanza. Enock Masele, kwa Kiingereza chake cha kuokota, alikuwa ameokota hii nyepesi. Lile neno impound, la kizuizi cha mifugo, lingemfaa zaidi, hilo ni kweli. Lakini hakusema upuuzi, na maana yake aliieleza mwenyewe kwa Kiswahili mbele ya watu wote.

Lililomkera zaidi ni kwamba halikuwa jambo geni kwake. Sokoni pia alilijua. Alikuwa na maana mbili mkononi akachagua ile inayokata.

"Sahihi," alimwambia Jenipha. "Kaa."

Wanafunzi wakatazamana.

Siku ya mkutano wa pili Mtendaji alikuja na mgambo wawili na mnunuzi mmoja wa ng'ombe, mtu mnene mwenye fimbo nyembamba, aliyekuwa ameshapita bomani kuwachungulia. Safari hii soko lilijaa. Vijana wa ukoo wa Benedicto walikuwa wamesimama nyuma na hawakukaa hata benchi zilipokuwa wazi, na hakuna aliyetania. Enock aliwaona. Jasho lilikuwa linamtoka, na Kokushubira, aliyejua jinsi mtu asiyejiamini anavyosimama, kwa kuwa alishawasimamisha wengi, aliona wazi kwamba mtu huyu angetoa chochote ili arudi nyuma, na kwamba hakuna mlango wa kurudia. Mlango huo aliufunga Kokushubira mwenyewe.

Akasimama kabla faili halijafunguliwa.

"Mtendaji, naomba nafasi."

Enock alimtazama kama mtu anavyotazama nyoka aliyemuuma jana. "Sema, Mwalimu."

"Wiki iliyopita nilimsahihisha Mtendaji hapa mbele yenu. Nilikosea."

Hakuna aliyetarajia hilo, yeye mwenyewe akiwemo. Lilitoka likiwa na ladha ya shubiri.

"Neno alilolitumia lina matumizi mawili. Mimi niliwaambia moja. La pili ni kama vile mwalimu anavyomnyang'anya mwanafunzi simu. Inakaa kabatini, muhula ukiisha inarudi kwa mwenyewe. Neno ni hilo hilo. Mtendaji alisema ng'ombe wameshikiliwa mpaka faini ilipwe na ua utengenezwe, na neno lake linabeba maana hiyo bila shida. Kwa hiyo hakuna kilichotaifishwa. Uamuzi wake wa kwanza ndio huo huo, mimi ndiye niliyeupotosha."

Mnunuzi wa ng'ombe alikunja uso. Enock alikuwa anaelewa polepole, na uelewa ulipofika ukapanda usoni kama jua. Mtu mwingine angeshukuru, akamaliza, watu wakaenda kulima.

"Mwalimu," alisema, "watu wa nyuma hawakusikia. Hebu rudia pale uliposema nani alikosea."

Kokushubira aliwaza vitu kadhaa vya kumwambia. Kimoja kilikuwa kizuri sana, na mpaka leo anakikumbuka. Sauti ya ndama mmoja ilifika mpaka pale sokoni, imekauka.

"Nilikosea mimi," alisema kwa sauti ya darasani. "Mtendaji alikuwa sahihi."

"As I said from the beginning," alisema Enock, akafungua faili, ambalo ndani yake, wale wa benchi la mbele waliona, hamkuwa na kitu.

Ng'ombe walifunguliwa mchana ule ule. Benedicto alikubali kutengeneza seng'enge na kupanda miche upya, akaifanya kazi hiyo na wanawe. Majike yalitoka bomani yakikimbia, kitu ambacho ng'ombe mzima hakifanyi bila sababu, na Kokushubira aliyatazama yakipita mbele ya nyumba yake yakitupa tope, viwele vimevimba, hadi yakapotea nyuma ya nyumba ya jirani. Mnunuzi aliondoka kwa bodaboda akilaani nauli yake.

Hakuna aliyekuja kumshukuru. Maziwa yalirudi kesho yake. Bhoke aliyaweka mlangoni, akajibu shikamoo, akaondoka bila kukaa kidogo kama alivyozoea zamani. Kijijini wakaanza kusema kwamba hata Mwalimu Koku hukosea, na wanafunzi waliolala darasani miaka yote wakawa sasa wanauliza, "Madam, una uhakika?" Aliwajibu. Ilimchukua nguvu nyingi kuwajibu. Wageni wa mradi nao walikuja, wakasimama kando ya miche ya Benedicto iliyopandwa siku chache zilizopita, wakasifu jinsi miti yao ilivyobaki midogo na yenye afya, wakapiga picha, wakaenda zao.

Na Enock akawa hakamatiki. Kila kitu kikawa confiscated. Pikipiki bila taa, pombe ya moshi, meza ya muuza karanga iliyozidi mstari. Akikutana na Kokushubira alimwinulia mkono toka mbali kama watu waliosoma darasa moja.

Halafu Jumapili moja, baada ya ibada, alikuja nyumbani kwake. Alikuwa amevaa ndala, na kwapani hapakuwa na faili. Alisimama nje ya mlango kwa muda kabla hajapiga hodi. Kokushubira alimwona kupitia pazia na hakumharakishia.

"Karibu, Mtendaji."

"Asante, Mwalimu. Sikai." Alikaa. Alitazama ndizi mezani, akatazama vitabu. "Wewe siku ile uliniokoa, hilo nalijua. Mimi sio mjinga kiasi hicho."

Kokushubira alisogeza vitabu kando. Kiasi gani basi, aliwaza.

"Mimi niliacha shule darasa la sita," alisema Enock. "Nikaenda mashimoni. Cheti nilikipata ukubwani, nikikariri. Hiki Kiingereza hakuna mtu aliyekaa chini akanifundisha. Nikisimama mbele ya watu huwa sijui neno litakalotoka, kama mtu anayepapasa mfukoni gizani." Alitabasamu, akaacha. "Nimekuja kuuliza kama unaweza kunifundisha. Hapa. Sio shuleni, wasione."

Kokushubira alimtazama mtu yule na ndala zake. Alitafuta huruma ndani yake, akakuta kidogo sana, chini kabisa, imefunikwa na vitu vingine. Bado alimwona mpumbavu. Alimwona mpumbavu aliyemfanya arudie kauli yake mara mbili mbele ya wauza nyanya, na hilo hakukusudia kulisamehe.

"Umekuja na kalamu?" aliuliza.

Enock alipapasa shati, akatoa.

"Sogeza kiti. Umesema uliacha shule darasa la sita. Sema hiyo kwa Kiingereza."

Enock alivuta pumzi, akaanza. Sentensi ilitoka imevunjika sehemu tatu, kitenzi kikiwa mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukiweka. Kichwa cha Mwalimu Kokushubira kikainama polepole upande mmoja, macho yakafumbwa nusu. Mtendaji aliona, akanyamaza katikati, kisha akaanza tena toka mwanzo.